Mashimo ya Mwisho wa Shamba

Kila asubuhi Chapuchapu aliosha vyombo na kufagia uwanja kabla Bibi hajamaliza kufunga kilemba. Jina hilo msichana huyu wa darasa la sita alilipata kwa haraka zake. Ufagio wake haukufika kwenye pembe.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi kubwa zaidi. Msimu uliopita jua lilikausha mahindi yao yote, na sasa serikali ilikuwa imewapa wakulima mbegu bure. "Nitarudi kukagua," bwana shamba aliwaambia. "Shamba lililoota vizuri ndilo litakalopata mbolea." Baba alikwisha chimba mashimo, lakini jana yake alimpeleka Mama hospitali kujifungua, na kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache, ilibidi abaki huko kumsaidia.

"Mbili kila shimo, mjukuu wangu," Bibi alisema, mdogo wake Chapuchapu akiwa mgongoni. "Ukimaliza nawa kwa sabuni, mbegu hizo zimepakwa dawa nyekundu."

Alianza vizuri. Mbili, fukia. Mbili, fukia. Jua likapanda, kiuno kikauma, na mfuko bado ulikuwa mzito. Akatazama huku, akatazama kule. Akamimina konzi nzima katika shimo moja. Kisha lingine. Mistari ya mwisho akaifukia mitupu.

"Umeshamaliza?" Bibi alishangaa. "Wewe una mikono mingapi?"

"Miwili tu, Bibi," alijibu akinawa kwa sabuni, macho yake kwenye ndoo.

Kisha akawapelekea Mama na Baba uji hospitali. Wodi ya wazazi ilijaa, na mkunga alikuwa mmoja, viatu vyake vimelika visigino. Alikwenda kitanda hadi kitanda: huyu akampima presha, yule akampapasa tumbo, mwingine akamfuta jasho.

"Shikamoo. Wote hawa ni wako peke yako?" Chapuchapu aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu bado hawajaletwa."

"Huchoki?"

"Nachoka mpaka basi! Ningewarundika wote kitanda kimoja, niwapime mara moja, niende zangu kulala. Lakini nani angepona?"

Akina mama waliangua kicheko, hata Mama katikati ya uchungu wake. Chapuchapu hakucheka. Akilini aliziona zile mbegu nyekundu zimebanana udongoni, zikigombania shimo moja.

Nje, mawingu yalikuwa yametanda. Akatimua mbio hadi nyumbani.

"Bibi, sikupanda vizuri. Nimezirundika katika mashimo machache na mengine nimeyafukia matupu, ili nimalize haraka."

Bibi aligeukia shamba. "Mistari gani?"

"Ya mwisho yote."

"Na mvua hiyo inakuja. Unangoja nini? Chukua jembe!"

Walifukua, wakaokota mbegu mojamoja, wakapanda upya. Tone la kwanza lilimdondokea Chapuchapu shingoni akifukia shimo la mwisho.

Bwana shamba aliporudi wiki chache baadaye, mahindi yalikuwa yamesimama mstari kwa mstari hadi mwisho wa shamba. Alitembea kote, akatikisa kichwa na kucheka. "Hakuna shimo lililorukwa! Mbolea yenu ipo."

Bibi akapiga vigelegele hadi kitoto kichanga mikononi mwa Mama kikaamka na kulia. Baba naye alirusha kofia juu. Hata hospitali kulikuwa na habari njema: wakunga wapya walikuwa wameletwa.

Mama alimvuta Chapuchapu karibu. Bibi alikuwa amemweleza yote.

"Mwanangu, yule mkunga alikuwa peke yake, hakuna aliyemkagua, lakini hakumruka hata mmoja wetu. Ndiyo maana mimi na mdogo wako tuko hapa. Wewe ulikosea, lakini ulisema ukweli, ukarudi kazini. Siku zote fanya kazi yako sawasawa, uonekane usionekane."

"Basi jina tumbadilishie?" Baba alitania.

"Thubutu!" Bibi akadakia. "Angetembea polepole siku ile, mvua ingetuwahi. Abaki Chapuchapu wetu. Ila kwenye pembe za uwanja, mjukuu wangu, bado nakusubiri!"