Aliyejaza Nafasi ya Dereva

Kisanduku cha njano kilijitokeza mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mama Picha aliishusha simu, akapangusa kamera yake kwa upindo wa gauni, akaiinua tena. Kwenye benchi la studio, mbele ya pazia la kijivu, walikaa watu wawili: binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Programu mpya ya kamera ilizungushia kila uso kisanduku. Chiriku alikuwa na chake. Shemeji alikuwa na chake. Cha tatu kilikuwa katikati yao, hewani, kwenye kimo cha mwanamume mrefu aliyeketi, nacho kilipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu anayepumua.

"Shemeji, hii programu yenu inaota mchana," alisema.

"Ndiyo maana tumekupa uijaribu. Andika. Ofisini wanakuogopa kwa maoni yako."

Kweli walimwogopa. Ofisi ya shemeji ilitengeneza programu za simu, na kabla ya kuitoa hii kwa watu wote iliwapa wachache waitumie na kusema kasoro zake. Mama Picha, aliyeendesha studio ya picha tangu aolewe, hakuwaonea haya. Kuhusu rangi ya ngozi aliwaandikia: "Inatupaka chokaa. Wateja wangu ni watu, si kuta." Kuhusu kulainisha nyuso: "Inafuta mikunjo. Hakuna bibi harusi anayetaka kuonekana rika moja na nyanya yake." Safari hii aliandika: "Inaona uso pasipo na mtu."

Nafasi ile katikati ya benchi haikuachwa kwa bahati mbaya. Studio ilianzishwa na marehemu baba mkwe wake, naye alikuwa na sheria moja: picha ya familia haipigwi bila kumwachia nafasi aliye mbali. Akirudi, anapigwa peke yake, anakatwa kwa mkasi, anabandikwa pale pake, kisha picha nzima inapigwa upya. "Anayekosekana kwenye picha," mzee alizoea kusema, "huanza kukosekana kwenye mazungumzo." Aliyekuwa mbali sasa ni mume wa Mama Picha, Dereva, mtu wa malori ya masafa marefu, ambaye nyumbani alikaa siku na barabarani miezi.

Jibu la maoni lilikuja kabla hajaiweka simu chini. Asante. Huyu ni nani? Chini yake palikuwa na majibu ya kuchagua: mzazi, mtoto, mume, mgeni, hakuna mtu.

Kidole chake kilielekea kwenye "hakuna mtu."

"Usibofye hapo," shemeji alimzuia. "Itaifunga nafasi, halafu kaka akirudi tuanze upya. Weka mume. Kwani si pake?"

"Ni pake. Lakini hayupo."

"Unataka kumfuta kaka yangu, shemeji? Nimwambie?" Akacheka.

Katika nyumba ile, kumfuta aliye mbali kulikuwa mwiko. Mama Picha akabofya "mume." Una uhakika? Akabofya "ndiyo." Kisanduku kikageuka kijani, kikatulia.

Chiriku alijivuta hadi ukingoni mwa benchi. "Usinisukume," alisema, akiitazama ile nafasi tupu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi iliyofuata chumba cha kulala kilinuka dizeli na vumbi la barabara, harufu ambayo Dereva hurudi nayo na ambayo haitoki kwenye mashuka kwa kufua mara moja. Mama Picha alifurahi, akadhani mumewe amerudi na yuko bafuni. Bafuni hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa imelowa. Na chini ya ile dizeli palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, kama kucha zinazoungua.

Kisha kikaja kikohozi. Kisha upande wa Dereva kitandani ukawa unabonyea mchana kweupe, na aliyeweka kiganja pale aliukuta una joto la mwili.

Chiriku naye akanyamaza. Mtoto aliyekuwa akizungumza hata na nzi sasa alikula kimya, akamaliza, akaingia chumbani kwa wazazi wake na kufunga mlango. Siku moja mama yake alibana sikio kwenye ubao. Alimsikia mtoto akisimulia mambo ya shule kwa sauti ya chini, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka kidogo, akiendelea, halafu sauti nyingine, nzito, ya mwanamume asiye na haraka, ikamuuliza: "Na mama yako bado amesimama hapo mlangoni?"

Mama Picha alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Alikwenda studioni, akaielekeza simu kwenye picha yake ya harusi iliyotundikwa juu ya kaunta. Kisanduku kilikuwa kimoja tu, usoni pake. Alisogea, akarudi nyuma, akawasha taa zote. Uso wa bwana harusi haukuzungushiwa kitu, kana kwamba alisimama na suti tupu. Akaifungua picha ya benchi, ile aliyopiga mbele ya shemeji, na pale katikati palipokuwa na hewa sasa palikuwa na bega, juu ya bega kola ya shati la Dereva, na juu ya kola uso wa Dereva, midomo imefumbwa kama ya mtu aliyebeba maji mdomoni.

Akaandika: "Nilikosea. Huyu si mume wangu. Mfuteni."

Asante kwa maoni yako. Mtu huyu ameshathibitishwa.

Akampigia shemeji. "Liondoeni hilo swali lenu la huyu ni nani. Liondoeni leo leo!"

"Taratibu, shemeji."

"Usiniambie taratibu! Ulikuwepo, ukanionyesha pa kubofya!"

Shemeji akamwambia angoje, akaenda kuwauliza wenzake. Aliporudi, shemeji alizungumza kwa mnong'ono, kama aliyejificha chini ya meza. "Nilidhani wenzangu wameliongeza. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeliandika. Programu yetu haina uwezo wa kuuliza mtu kitu, shemeji. Inapokea maoni tu."

Aliifuta programu saa ile ile. Kikohozi hakikufutika.

Mtabibu waliyemwendea alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sifa ya kutoa majini na kutukana wateja. Aliwasikiliza Mama Picha na shemeji huku akifunga vifurushi vya dawa, bila kuinua macho. Chiriku alikaa mkekani, kidole mdomoni.

"Jini aliyeingia kwa mabavu ninamtoa," alisema mwishowe. "Huyu mmemkaribisha, mkampa kiti, mkamwoza mke wa mtu. Nimtoe kwa kosa gani?"

"Alinidanganya," Mama Picha alisema kwa sauti ndogo.

"Hakukudanganya. Alikuuliza. Tena mara mbili."

Shemeji akafungua kinywa. "Wewe nyamaza," mtabibu alimkata. "Kidole kilikuwa chake, ulimi ulikuwa wako." Kisha akamgeukia mama. "Sikiliza. Anamngoja mwenye nafasi arudi, maana nyumba moja haikai waume wawili. Siku hiyo utamkataa mmoja kwa kinywa chako, wote wakisikia. Utakayemkataa ataondoka na hatarudi tena, awe jini, awe mumeo."

"Nitamjuaje?"

"Ni mume wako, unaniuliza mimi?" Akafunga kifurushi kingine. "Ila usiwatazame kabla hujasema. Sura umeshaigawa. Macho hayana msaada tena."

Shemeji aliwafikisha getini, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi, akaondoka. Jua lilikuwa la utosi na mtaa mzima umelala. Mama Picha aliingia na Chiriku, akafunga mlango kwa ufunguo kama kawaida yake, akageuka, akauona mkoba wa safari wa Dereva umetupwa katikati ya ukumbi, umejaa vumbi.

"Mmepotelea wapi?" sauti ya mumewe ilitoka chumbani, ya uchovu, ya kununa. "Mtu anafika kwake anakuta jiko la baridi."

Moyo ulimruka kwa furaha. Alikuwa ameshapiga hatua kuelekea chumbani mlango wa mbele ulipogongwa nyuma yake.

"Fungua! Ni mimi. Jua linanibabua huku."

Sauti ile ile, uchovu ule ule, kununa kule kule. Alibaki katikati ya ukumbi, chumba mbele, mlango nyuma, akaitoa simu, akapiga namba ya mumewe. Ikaita chumbani, ikaita na nje, mlio mmoja kwa pamoja, na alipokata, pande zote mbili zikanyamaza pamoja.

"Mama, twende," Chiriku alinong'ona, akimvuta gauni kuelekea chumbani. "Baba yuko ndani. Huyo wa nje simjui."

Mama Picha akamkumbatia tumboni kwake. Akainamisha macho sakafuni. "Niambieni," alisema, "Chiriku alizaliwa siku gani?"

"Jumatano alfajiri," yule wa chumbani alijibu papo hapo. "Mvua ilikuwa inanyesha. Ulikataa kulala mpaka wakuletee umwone."

Mlangoni pakasikika mguno. Kisha: "Mama Picha, umeanza nini sasa? Si Ijumaa? Fungua bwana."

"Anaogopa nini?"

"Sauti ya mashine ya kusaga," wa chumbani alisema kwa upole. "Na mbwa wa jirani, ila hapendi ijulikane."

"Aogope nini, mtoto wangu?" wa mlangoni alifoka. "Haogopi kitu huyo!"

"Mimi ninapougua, nakunywa nini?"

"Maji ya moto yenye ndimu, bila sukari. Ukiwekewa sukari unamwaga, huku ukisema umekunywa."

"Kwani wewe unaugua?" wa mlangoni aliuliza, na safari hii kwa kweli alikuwa akiuliza.

Hapo Mama Picha alimjua. Kila jibu la chumbani lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja ambalo mumewe angeweza kulitoa. Mambo hayo hujulikana na aliyekaa. Lakini baada ya kumjua hakusema neno. Alisimama, na kilichomchelewesha hakikuwa mashaka.

Yule wa chumbani naye alilijua hilo. "Mimi nilikaa," alisema, sauti sasa ikiwa karibu zaidi, nyuma ya kitasa. "Nilikaa nikawasikiliza. Yeye alifanya hivyo lini?"

Kitasa kikaanza kuzunguka.

"Wewe wa chumbani!" Mama Picha alipiga kelele. "Wewe si mume wangu! Nilikukubali kwa kosa, nakukataa kwa akili yangu!"

Kitasa kilisimama, kisha ile harufu ya kucha ikaja yote kwa mkupuo mmoja, nzito hadi machozi yakamtoka, na kitu kikapita ukumbini, hakikukimbia, kilitembea, kwa hatua za mtu anayejua pa kukanyaga ili mbao zisilie, kikapita upande wa kushoto wa Mama Picha, kikasimama mbele ya mtoto, kikainama, maana nywele za Chiriku zilipepea kama zimepuliziwa pumzi sikioni, kisha kikaendelea kuelekea nyuma ya nyumba, na mlango wa uani ukafunguka na kujifunga polepole, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha waliolala.

Alipopangusa macho, mkoba haukuwepo. Akafungua mlango wa mbele. Dereva alisimama kizingitini, shingo imeungua kwa jua, mkoba wake begani, amefura kwa hasira.

"Nimeendesha usiku na mchana, nafika kwangu nafanyishwa mtihani?"

"Umefeli," Mama Picha alisema, akaanza kulia. "Umefeli yote, mume wangu. Ingia."

Dereva aliacha masafa marefu. Alipoelezwa hakubishana; aliitazama picha ya benchi simuni mara moja, akaomba ifutwe, akatafuta kazi ya gari dogo la hapo hapo mjini. Kila jioni alikuwa nyumbani. Alijua sasa siku ya Jumatano, alijua ndimu, na mara mbili aliweka sukari akaomba radhi. Harufu iliisha. Kitanda kilikuwa baridi mchana.

Ila Chiriku hakumwita baba. Alimwita "huyu." Huyu amekula. Mwambie huyu anipishe. Na siku nyingine alimuuliza mama yake, bila chuki yoyote, kwa nini alimfukuza yule mwingine, ilhali yeye mtoto hakumkataa. Dereva alisikia, akaenda uani, akakaa huko mpaka alipoweza kurudi.

Asubuhi moja, mama akiwa studioni na mteja, kamba ya kiatu cha shule ya Chiriku ilifunguka. Dereva akapiga magoti mbele yake, akaanza kuifunga kwa vidole vyake vinene vilivyozoea usukani. Alikosea, akafungua, akaanza tena. Mtoto alimtazama utosini kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake mdogo begani pake, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na macho ya Dereva yakajaa machozi.

Chiriku aliinama hadi mdomo wake ukagusa sikio lake.

"Baba," alinong'ona, "fanya haraka. Yule mwingine hapendi ukinikaribia."