Kadi ya Anza na Hii

Kadi ilikuwa imehama tena. Jana Chizuru aliiacha juu ya santuri ya tatu, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: "Mgeni wa Mvua ya Uani, anza na hii." Leo asubuhi, alipofungua mkahawa wake wa kusikilizia muziki pale mjini Kanazawa, aliikuta kwenye santuri ya tano, ambayo hakuwahi kumpigia mtu. Chumba kizima kilinuka kafuri.

Aliirudisha. Akasingizia usahaulifu wa uzee.

Kundi la Mvua ya Uani lilikuwa la watu wawili tu. Towako alinasa sauti: matone juu ya bati, birika likichemka, pumzi zake mwenyewe alipobanwa na kifua, amejipaka kafuri. Iwase alizipitisha kwenye mitambo zikawa ndefu na laini. Towako alipofariki, Iwase alizitoa santuri upya na kulifuta jina la mwenzake kwenye majalada yote. Chizuru, shoga wa marehemu, alijua. Lakini kila msimu wa mvua Iwase alikuja kuketi na mashabiki wake mkahawani, na viti vilijaa. Basi kwenye kadi za santuri naye akaandika jina moja tu, la Iwase. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mchana aliingia Bwana Kuwata, tarishi mstaafu.

"Mama, mie nimezoea nyimbo za walevi," alinong'ona, maana mle ndani kuzungumza ni mwiko. "Hawa nianzie wapi nisije nikasinzia?"

"Ukisinzia ndiyo umewaelewa. Anza na ya tatu."

Aliishusha sindano. Kimya. Kisha mwanamume akakohoa ndani ya spika, kimya kikarudi.

"Ndiyo huu muziki? Mbona ni mzee anakohoa tu?"

Chizuru alijaribu ya kwanza, ya pili, ya nne. Mvua haikuwamo, birika halikuwamo. Kilichobaki kilikuwa kikohozi cha Iwase. Mwenye mali alikuwa amekusanya mali yake.

Saa tisa Iwase akafika na mashabiki wanane. Chizuru alimvuta jikoni.

"Santuri ni tupu, Bwana Iwase. Towako amechukua vyake."

"Chizuru, acha utoto. Amekufa yule."

"Litaje jina lake mbele ya watu. Tulitaje wote wawili, leo hii."

"Nikilitaja, mimi nitabaki nani?" Alitazama pembeni. "Hujajaribu ipi?"

"Ya tano, ile ya pumzi zake."

"Iweke hiyo, na uchangamke. Watu wanangoja."

Akaiweka. Laiti angekataa.

Mashabiki walifumba macho, kama ilivyo desturi ya pale, ambapo kumtazama mwenzako akisikiliza ni utovu wa adabu. Pumzi ya mwanamke ikatoka kwenye spika, nyembamba, yenye mluzi, na harufu ya kafuri ikatanda hadi machozi yakamtoka Chizuru, na pumzi ile ikasogea, ikaacha spika, ikapita juu ya vikombe, ikaingia kifuani mwa Iwase, naye akashika meza kwa mikono miwili, mdomo wazi, midomo ikigeuka rangi ya bluu, akivuta hewa isiyokuja, akikoroma, akikwaruza mbao kwa kucha, na watu wote tisa, Kuwata akiwamo, macho wameyafumba, wakatikisa vichwa taratibu kwa raha, wakidhani ndiyo santuri yenyewe.

Chizuru peke yake aliona kwamba sindano ilikuwa imekwisha nyanyuka. Mashine ilikuwa kimya. Kilichosikika chumbani kilikuwa mtu anayekufa.

Ilitosha apige kelele tu. Lakini angepiga kelele wangemuuliza kuna nini, na angepaswa kusema jina la nani lilifutwa. Woga ulimfunga kinywa. Alipoweza hatimaye kutamka "Towako, nisamehe," kucha za Iwase zilikuwa zimetulia.

"Hii ndiyo ungenipa tangu mwanzo, mama," Kuwata alinong'ona, macho bado kayafumba.

Baada ya mazishi Chizuru alimwita kasisi wa Kibuddha akasoma, akafukiza ubani kila kona. Aliandika kadi mpya zenye jina la Towako kwa herufi kubwa. Mvua ikarudi kwenye santuri, birika likarudi. Akashukuru, akalala usingizi wa kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi kadi ya "anza na hii" ilikuwa juu ya santuri ya tano. Kando yake palikuwa na kadi nyingine, mwandiko wa kuinama wa Towako: "Kisha hii." Iliegemea santuri ya sita.

Kundi lile lilitoa santuri tano tu.

Chizuru hakuigusa. Hata hivyo aliisikia ikilia ndani ya jalada lake: birika la jikoni kwake, nyayo zake, halafu sauti yake mwenyewe ikiomba, "Towako, nisamehe," mara moja, mara mbili, kisha mluzi wa pumzi. Kafuri ilimpanda puani. Akageuka akimbilie mlangoni, amwite yeyote.

Bwana Kuwata alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake. Amefumba macho, anasubiri kusikiliza.