Mazingira ya Biashara ya Mwanvua

Mwanvua alikuwa akipika kwa masikio. Miaka yote aliyouza chai na chapati pale kivukoni Kigongo, hakuhitaji saa. Pantoni, feri ya kuvusha watu na magari, likifika katikati ya ziwa lilipiga honi. Akisikia honi hiyo, aliweka chapati kikaangoni. Mlango wa pantoni ukishuka na abiria wakaanza kutoka, chapati zilikuwa za moto na chai ilikuwa vikombeni.

Aliyemimina chai alikuwa Nurdin, mumewe. Nurdin alipofariki, Mwanvua alibaki na benchi ambalo mumewe alilitengeneza kwa mikono yake. Lilikuwa benchi refu, refu kuliko kibanda chenyewe.

Hata hivyo, kivukoni hakuwa peke yake. Kushoto kwake alikaa Malimi, kijana wa karanga. Kulia alikaa Evelina, muuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti ya kuita wateja kabla pantoni halijatia nanga. Evelina na Mwanvua waligombana karibu kila siku, na ugomvi wao ulikuwa mmoja. Evelina alisema benchi la Mwanvua limeingia kwake. Mwanvua alilivuta huku akinung'unika. Kesho yake wateja walilisukuma tena, na maneno yakaanza upya.

Kisha daraja likafunguliwa.

Lilikuwa daraja zuri, na Mwanvua mwenyewe alilisifu. Mgonjwa wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, hakungoja tena pantoni ili afike hospitali. Lakini mabasi yalipita juu kwa juu, na honi ya majini ikanyamaza.

Wachuuzi wengine walipanda na bidhaa zao hadi kando ya barabara kuu. Waliondolewa. Waliambiwa pale ni hifadhi ya barabara, na gari haliruhusiwi kusimama hovyo. Ilikuwa kweli, maana mtu angeweza kugongwa. Basi wakaanza kutawanyika. Malimi alikwenda Igogo, mjini Mwanza, kutembeza karanga kwa mkokoteni. Evelina alikwenda Magu. Aliondoka bila kuaga.

Mwanvua akabaki na wavuvi wachache waliokunywa chai asubuhi na kwenda zao. Mchana kutwa alisikia maji yakipiga mawe. Siku nyingine aliongea na birika. Alishangaa kugundua kwamba hata maneno makali ya Evelina aliyakumbuka, moja baada ya jingine.

Shamsia, binti yake aliyeolewa Magu, alimpigia simu kila jioni. Alimwambia mama yake chumba kipo, ahamie. Mwanvua alimpenda binti yake. Lakini alijua akihamia kule atakuwa bibi wa kukaa mkekani, anayeulizwa kama amekula. Yeye alitaka kuwa mtu anayewauliza wengine.

Siku moja redio ilitangaza habari. Kulikuwa na mradi uliokuwa ukitoa ruzuku ya kuboresha mazingira ya biashara ndogo ndogo. Waombaji walitakiwa kufika ofisi ya kata kabla mwezi haujaisha.

Mwanvua alishika neno moja: mazingira. Neno hilo alilijua tangu shuleni. Siku ya mazingira watoto walipanda miti na kufagia. Mikutano ya kijiji ilisema hivyo hivyo. Akajiambia kwamba wenye ruzuku watapita kukagua, na atakayekutwa na mazingira mazuri ndiye atakayepewa.

Alianza kesho yake. Alifagia kivuko chote, kuanzia vibandani hadi mahali ambapo mlango wa pantoni ulikuwa ukishukia. Alipanga mawe na kuyapaka chokaa. Alipanda miche ya miti, mingine ardhini, mingine kwenye makopo, akaimwagilia maji ya ziwa.

Mhoja, mmoja wa wale wavuvi, alisimama kumtazama.

"Mama Shamsia, siku hizi umeajiriwa na halmashauri?"

"Nangoja wageni."

"Wageni gani?"

"Wa mazingira."

Mhoja alicheka, akabeba nyavu zake akaondoka. Kivuko kilikuwa kisafi kuliko siku zake zote, na hapakuwa na mtu wa kukikanyaga.

Wageni hawakuja. Unga uliisha. Mwanvua akaenda Igogo, kwenye duka la Nirmala, alikonunua unga na mafuta tangu enzi za baba mkwe wa Nirmala. Watu walimwita Nirmala Mama Jitesh. Alikuwa mwepesi wa utani, lakini jambo la biashara hakulifanyia mzaha. Mwanvua alimsimulia juu ya miche na chokaa. Alitegemea kusifiwa.

Nirmala aliweka kalamu chini.

"Mama Shamsia, umepanda miti kweli?"

"Si wamesema mazingira?"

Nirmala alitaka kucheka. Aliuona uso wa mwenzake, akajizuia. Akamvutia kiti.

"Miti ni mazingira, sikatai. Lakini wao wamesema mazingira ya biashara. Maana yake ni yote yanayoizunguka biashara yako, yanayokufanya uuze au usiuze. Hebu niambie, chapati zako zina ubaya gani?"

"Hazina."

"Chai?"

"Mama Jitesh, chai yangu unaijua."

"Basi kinachokuzuia kuuza ni nini?"

Mwanvua alifikiri. "Magari hayasimami. Hayana pa kusimama."

"Hayo sasa ndiyo mazingira ya biashara yako, na ni mabaya."

Nirmala alimweleza kwamba wenye maduka wa mtaa ule waliwahi kupata ruzuku. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia madukani na wateja walikimbia. Waliungana wakaomba mtaro. Hakuna aliyepewa fedha mkononi, lakini mtaro ulijengwa, na wote wakauza.

"Ruzuku si mkopo, hairudishwi," alisema. "Na si sadaka, kwa hiyo usiione aibu. Ni fedha iliyopewa kazi yake. Ukiomba ya mtaro, jenga mtaro. Ukinunulia friji, utajibu. Haya, nani mwingine ana shida kama yako pale Kigongo?"

Mwanvua aliwahesabu kimoyomoyo, mmoja mmoja.

"Waliondoka," alisema mwishowe. "Niko peke yangu."

"Basi hii ruzuku huipati. Wanakipa kikundi kilichosajiliwa, kwa jambo linalowasaidia wote. Mtu mmoja hana mazingira, Mama Shamsia. Ana kibanda tu."

Maneno hayo yalimchoma Mwanvua, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alilipia unga wake akatoka. Alisimama barabarani muda mrefu, kiroba miguuni. Angeweza kumpigia Shamsia simu na kumwambia atayarishe kitanda. Badala yake aliulizia wauza karanga wanapita wapi.

Malimi alimwona kwanza. Aliacha mkokoteni akamwamkia, "Shikamoo Mama Shamsia." Mwanvua aliitikia marahaba. Malimi alimwambia Igogo kuna wateja, lakini kuna wauza karanga wengi kama karanga zenyewe. Alikubali kurudi kama wengine watarudi. Alijua pia walipo baadhi yao.

"Lakini bila Evelina itakuwaje?" aliuliza. "Yeye ndiye aliyekuwa spika yetu."

Mwanvua alibeba kiroba chake akarudi Kigongo. Siku iliyofuata alikwenda Magu.

Alifikia kwa Shamsia kwanza, kwa adabu. Shamsia alifurahi, kisha akaangalia nyuma ya mama yake.

"Mizigo iko wapi, mama?"

"Sijahamia, mwanangu. Namtafuta Evelina."

"Yule uliyesema hutaki hata kulisikia jina lake?"

"Huyo huyo."

Alimkuta Evelina kando ya barabara, amepanga samaki juu ya sinia. Hakuwa anaita wateja. Alikuwa amekaa kimya, mkono shavuni, na Mwanvua karibu ampite asimtambue.

"Umefuata nini huku?" Evelina aliuliza. "Benchi lako bado limeingia kwangu?"

"Bado. Ila sasa hakuna kwako. Pako wazi tu."

Evelina alicheka kidogo, kisha akatazama samaki wake. Alisema Magu si pabaya, ila hajapata mtu wa kugombana naye. Mwanvua akaketi chini na kumweleza yote, kama Nirmala alivyomweleza yeye.

Walikutana Kigongo kabla mwezi haujaisha, watu wa kutosha kuunda kikundi. Suzana, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, aliwafundisha kuandika katiba fupi, kuchagua viongozi, kusajili kikundi na kukifungulia akaunti. Aliwaonya wasimlipe mtu yeyote atakayedai ada ya kuwapitishia maombi. Kuomba ni bure.

Mzozo ulikuja walipopanga cha kuomba. Malimi alitaka mtaji, kila mtu achukue chake. Wengi waliitikia. Mwanvua, ambaye hakuwahi kusema mkutanoni, alisimama.

"Malimi, ukipewa gunia la karanga leo, utamwuzia nani hapa?"

Malimi alitazama kivuko kitupu. Mawe meupe, miche, maji.

"Hakuna mtu," alisema.

"Basi tuombe watu."

Waliomba eneo la kuegesha magari, nje ya hifadhi ya barabara, karibu na mwisho wa daraja. Waliomba kifusi cha kusawazisha uwanja, paa, choo, bomba la maji na taa. Kijiji kilitoa kiwanja. Ilibidi wapate kibali cha wenye barabara, na kibali kilichukua muda. Mara ya kwanza maombi yalirudishwa kwa sababu hawakueleza nani atatunza choo. Waliandika zamu za usafi, wakaomba tena. Wakapata.

Fedha hazikupita mfukoni mwa mtu. Kila kilichonunuliwa kilisomwa mbele ya wote, na risiti zilibandikwa ukutani.

Siku ya kuhama Mwanvua alibeba benchi. Miche ya makopo aliipanda kwenye eneo jipya, iwape madereva kivuli. Ile ya ardhini ilikuwa imeshika mizizi, akaiacha. Jioni hushuka mpaka kivukoni kuimwagilia. Huko ni yeye, miti na ziwa. Hukaa kidogo mahali ambapo Nurdin alikuwa akisimama na birika, kisha hupanda.

Malimi alizungumza na madereva. Walikubali kupiga honi wakikaribia mwisho wa daraja, ili wauzaji wajiandae. Siku ya kwanza Mwanvua alikuwa ameinama akipanga vikombe. Honi ililia kutoka juu ya maji. Mkono wake uliweka chapati kikaangoni kabla kichwa hakijajua.

Basi la Geita liliegeshwa. Abiria wakashuka, wakakaa, wakasogea kupisha wengine. Mwanvua alimimina chai mwenyewe. Akauliza huyu kama amekula, akamwuliza na yule. Simu ya Shamsia ililia mfukoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na nafasi ya kupokea.

"Mama Shamsia!" Evelina aliita, sauti yake ikafika darajani. "Benchi lako limeingia kwangu."

Mwanvua alisikia vizuri kabisa. Hakulivuta.