Upepo Unaozunguka Bawa

Soko la Kwa Mrombo lilikuwa limejaa, na upepo wa Mlima Meru ulikuwa ukizichapa nguo zilizotundikwa. Kijana mrefu mwenye sweta la kijivu alisimama akitazama kitenge cha njano kinavyopepea.

"Kaka, hicho kinauzwa, hakitazamwi bure," alisema Sia, mwenye kibanda hicho, mkono kiunoni, hereni zikichezacheza.

"Samahani, dada. Natazama upepo."

"Haya, upepo nikukatie mita ngapi?"

Kijana huyo, Lomayani, alicheka. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Ndani ya kompyuta yake alikuwa ametengeneza mfano wa bawa la ndege ya abiria linalotetemeka, akikokotoa jinsi hewa inavyolizunguka. Matokeo yakipatikana mapema, angekwenda kusoma Ujerumani.

Tangu siku hiyo walipigiana simu kila siku, na haukupita muda wakawa wapenzi.

"Bawa letu limeamkaje?" Sia angeuliza.

"Linatetemeka, mpenzi."

"Kama wewe utakapomwona baba. Lakini Lomayani, yule mwalimu wa Marangu bado anataka kuleta mbege ya posa kwetu. Nimjibu nini?"

"Nimalize bawa kwanza."

Hesabu ya mwisho ilitakiwa kwisha Ijumaa, kompyuta ikiachwa inawaka usiku na mchana. Jumatano Lomayani alitoka kuchota maji, akamwacha Sia chumbani kwake. Aliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

"Ilikuwa inanguruma, imechemka kama pasi," Sia alisema. "Nimeizima ipumzike."

"Umeizima ili nisiende."

"Lomayani!"

"Hukutaka niende. Sema tu."

Sia alivaa viatu taratibu, akatoka.

Ijumaa ilipita, nafasi ikachukuliwa na mwingine. Kwa mazoea yake ya kuhakikisha kila kitu, Lomayani aliianzisha upya hesabu ileile, akakaa mbele yake. Ilikwenda vizuri mpaka siku ya tatu. Kisha namba zikavimba, hewa ikakimbia kwa kasi isiyowezekana, na hesabu ikavunjika yenyewe. Ili awahi, alikuwa ameipa kompyuta hatua ndefu mno za muda, na makosa madogo yakalimbikizana. Hata isingezimwa, isingefika mwisho.

Alikwenda Kwa Mrombo. Akiwa ng'ambo ya barabara, alimwona Sia, gauni la bluu, nywele zimesukwa upya. Hakuvuka. Akapiga simu.

"Sia, hukuharibu kitu. Nilikosea mimi, hesabu imevunjika yenyewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Sia aliendelea kupanga vitenge. "Na kama isingevunjika, ungenipigia?"

Lomayani alitafuta jibu la kweli. Alilitafuta muda mrefu mno.

"Basi, mpenzi wangu," Sia alisema kwa upole. "Jumapili watu wa Marangu wanaleta mbege. Nimekubali."

Sia alipoinua macho, alimwona Lomayani ng'ambo ya barabara. Hakupunga mkono. Kitenge cha njano kilikuwa kikipepea kati yao. Sia alikiteremsha, akakikunja vizuri, akaweka jiwe juu yake.