Binti Yangu Aliniuliza Nani Aliniwekea Mikono

Nina umri wa miaka hamsini na minne, baba wa watoto watatu. Siku tano za juma napanga mizigo katika ghala huko Shakopee, Marekani. Jumapili mimi ni Baba Askofu. Naandika bila jina, na mkishasoma mtaelewa sababu.

Sisi Wakongo tulipofika Minneapolis kutoka kambi ya wakimbizi, tulianza kusali sebuleni kwa mtu, mtaa wa Phillips. Kule kambini nilikuwa nambebea begi mchungaji mmoja mzee na kumtafsiria mahubiri. Basi, hayo tu; hakuna aliyewahi kuniwekea mikono niwe mchungaji. Lakini Jumapili ya kwanza mama mmoja alinitambulisha mbele ya watu kuwa mimi ni mchungaji. Nilitaka kumsahihisha... nikaona haya kumuumbua mama wa watu. Nikasimama, nikahubiri.

Kanisa likakua, tukahamia kitongoji cha New Hope, na ugomvi tukahama nao. Pande mbili, kila upande ukitaka mtu wake awe askofu. Walipochoka kuvutana wakaniangukia mimi, kwa kuwa sikuwa wa upande wowote. Askofu mgeni akaja kunisimika, akaamini alichoambiwa, kwamba nilikuwa mchungaji. Mke wangu, ambaye sikuwa naye kule kambini, alilia kwa furaha. Tangu siku ile ni Mama Askofu hata sokoni. Ningemwambia nini?

Nimefungisha ndoa, nimebatiza, nimezika. Kila mtoto niliyembatiza, niliona mlango mwingine umefungwa nyuma yangu.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho, ambaye yuko chuo, alipewa kazi ya kuandika maisha ya askofu mmoja wa Uingereza ya kale, kisha amlinganishe na kiongozi wa dini anayemfahamu. Akanichagua mimi!

Tukiwa mezani akatusimulia. Huyo askofu wake alikuwa karani wa mfalme. Mfalme alipotaka awe askofu, ikaonekana hata upadri hana. Wakampa upadri Jumamosi, Jumapili akawa askofu. Miaka mingi alibaki kwa mfalme akimshikia muhuri, na waumini wake hawakumjua sura.

"Can you imagine, Baba?" binti akacheka. Mama yake naye akacheka. Mimi nikajimegea ugali mwingine.

Kisha akashika kalamu. "Na wewe, Baba, ukiwa pastor, nani alikuwekea mikono?"

Nikamtaja yule mzee wa kambini. Nilikuwa nimesikia amefariki...

Kumbe yu hai. Watoto wa siku hizi hawakosi mtu kwenye simu. Binti akamtafuta mpaka akampata, akamuuliza. Na yule mzee, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, akajibu kwamba ndiyo, ni yeye.

Siku ya pili akanipigia. "Nimemdanganya mtoto sababu yako," alisema. "Ulibeba begi yangu miaka mingi, papa. Leo nimebeba yako. Ni nzito sana."

Sikuweza tena. Nilimweleza binti yangu yote ndani ya gari, nje ya chuo chake. Aliuliza swali moja tu. "Does Mama know?" Nikasema hapana, mama yake hajui. Akashuka. Ile kazi aliiandika upya, akamweka mtu mwingine mahali pangu.

Yeye hajamwambia mama yake. Nami sijamwambia. Jumapili nikiinua mikono kubariki, vichwa vyote vinainama isipokuwa kimoja, cha binti yangu, safu ya nyuma. Ananitazama tu. Anasubiri niseme, na mimi natoa baraka, nakaa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka kumi na moja na sijauona mwisho wake. Msomaji mwenzangu, ukiitwa kwa cheo kisicho chako, kikatae papo hapo, hata mbele za watu, hata kama aliyekuita ataona aibu. Kesho yake utashindwa.

Na kama wewe unasali kwetu, ukasoma haya ukanitambua, nakuomba... usininyamazie.