Jina la Kwenye Gunia

"Mwenzangu, hilo jina la marehemu utalibeba mpaka lini?"

Devota, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Kibaoni, alimuuliza Yosefina swali hilo walipokuwa wanaanika mpunga. Yosefina akaendelea kuugeuza kwa mguu kama hakusikia. Magunia yake yote yalikuwa na herufi G ya rangi nyekundu. Gasper aliipaka mwenyewe kabla hajaugua, na tangu Mungu alipomchukua, mjane wake alilima, akavuna na kukoboa kwa jina lile lile. Nyumbani alipika wali wa mtu mmoja, na bado ukabaki.

Mavuno yale, foleni ya mashine ya kukoboa ilifika barabarani. Vumbi la pumba liliwafanya wote waonekane wazee. Mwenye mashine alikuwa amemleta fundi wa kompyuta, Damiani, mwanaume mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mifukoni. Kazi yake ilikuwa kuandika kila anayefika na kuita zamu kwa kipaza sauti.

"Aurelia!" Akaenda. "Fulgensi!" Akaenda. "Gasper!"

Watu wakageuka kutazamana.

"Gasper hayupo?"

"Yupo makaburini," mzee Severini akasema. Watu wakacheka, kisha wakaona aibu.

Yosefina akainua mkono. Kitenge chake cha kijani kilikuwa kimefuliwa mpaka maua yakafifia. "Magunia ni yangu, lakini zamu si yangu. Mzee Severini amefika kabla yangu. Sipiti mbele ya mtu."

Damiani akaitazama kompyuta, akajishika kichwa. "Samahani, dada. Humu ndani kila jina ni ufunguo, na muda wa kufika ndiyo thamani iliyoshikwa na huo ufunguo. Mimi nimeiambia ipange, sikuiambia ipange kwa kipi. Ikashika majina, A kwanza."

"Kumbe ningebatizwa Abeli," Severini akasema, "sasa hivi ningekuwa nimeshakula."

Damiani akarekebisha mstari mmoja, foleni ikajipanga kwa muda wa kufika. Zamu ya Yosefina ilipofika kweli, Damiani aliita "Gasper" bila kipaza sauti, akimtazama yeye. Mwanamke akiitwa huitikia abee. Lakini abee kwa jina la mwanaume haikai mdomoni. Yosefina akainua mkono tena.

Jioni simu ya Yosefina ikaita; alikuwa Damiani.

"Namba yako amenipa mzee Severini."

"Ya nini?"

"Kuuliza kama mchele una chenga."

"Una mawe."

"Basi nije niyachambue."

"Njoo na miwani. Mtu asiyeona foleni ataona jiwe?"

Alicheka, naye Yosefina akashtuka kujisikia anacheka. Ikawa kawaida. Kila jioni alioga mapema, akakaa kibarazani na simu mapajani.

"Umekula, Yose?"

"Nimekula."

"Na nani?"

Hapo aligeuza maneno, akauliza habari za mashine, na Damiani, ambaye kwenye chumba chake cha kupanga alikula chipsi peke yake, hakumlazimisha.

Jioni moja sauti yake haikuwa na utani. "Mpenzi, nimeitwa Mlimba, kuna mashine nyingine inataka programu kama hii. Sitaki kuondoka sijui nimesimama wapi."

"Nikwambie nini?"

"Jumamosi ukija kukoboa nitakuuliza niandike jina gani. Ukisema lako, nitatuma mshenga kwa wazee wako Kiberege. Ukisema la Gasper, sitakusumbua tena."

"Na Gasper utamfuta?"

"Ufunguo haubadilishwi, Yose. Ama unaufuta, ama unaandika mwingine pembeni yake. Kufuta sina ruhusa."

Yosefina alisali rozari nzima. Jumamosi akapanda basi kwenda Kiberege, kumtangulia mshenga kwa baba mkubwa, maana mjane hawashtukizi wazee. Devota hakujua lolote. Aliambiwa tu, "Nisaidie kupeleka mzigo mashineni, nitakukuta huko." Lakini baba mkubwa alikuwa shambani, ikabidi angojwe.

Damiani aliyaona magunia, akatazama nyuma ya Devota. Hapakuwa na mtu.

"Niandike jina gani, mama?"

"Hujui kusoma, mwanangu? G hiyo. Gasper."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo siku zote."

Akaandika. Jioni akazima simu.

Yosefina alirudi na baraka ya baba mkubwa, akamkuta Devota ameshamaliza. Akaoga, akakaa kibarazani. Giza likaingia. Akapiga yeye, akaambiwa namba haipatikani. Akawaza kwamba mwanaume ameogopa kivuli cha marehemu. Jumapili alitoa sadaka bila kuinua uso.

Jumatatu Devota alikuwa anapepeta mchele pamoja na Yosefina. "Yule fundi anaondoka leo. Jumamosi aliponiuliza jina nilimwambia Gasper, akanyong'onyea kama kuku wa mvua. Akaniuliza, eti ndivyo alivyosema?"

Ungo wa Yosefina ukatua chini. "Devota, nilikuwa naposwa kwa hilo jina."

Devota akauweka wake pia. "Kumbe mimi ndiye niliyekataa posa."

Yosefina alikuwa ameshachota debe moja la mpunga asio na haja nao, amejitwisha.

Mashineni, Damiani alikuwa anamkabidhi Viktor, kijana wa mashineni, kompyuta, begi begani. Nje bodaboda alimngoja ampeleke stendi.

"Niandike jina gani?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kioo.

"Jumamosi nilikuwa Kiberege. Kwa baba mkubwa."

Vidole vikasimama.

"Devota alisoma gunia. Mimi hukuniuliza. Niulize."

Damiani akainua macho. "Niandike jina gani?"

"Yosefina. Na la Gasper lisiguswe."

"Haliguswi. Kila ufunguo na chake."

Foleni mbele yake ilikuwa ndefu. "Mpitishe tu, kaka," Viktor akasema, "basi litakuacha."

"Huyu hapiti mbele ya mtu." Damiani akashusha begi, akachukua kipaza sauti. Akaita Rosemery. Akaita Nickolaus. Bodaboda akapiga honi. Akaita Paskazia, akangoja mpaka gunia lake la mwisho limiminwe. Honi ikalia tena, ndefu.

"Yosefina!"

Jina likatoka mpaka barabarani. Hakuitikia mara moja. Kwa mazoea alikuwa anangoja mwenye jina ajitokeze. Kisha akajifunga kitenge vizuri.

"Abee."

Damiani akalipokea debe kichwani kwake, akampa Viktor. Akaushika mkono wake wenye vumbi, mbele ya watu, akauachia. Mlimba si karibu, na usiku ule wali ungepikwa bado wa mtu mmoja. Wote wawili walilijua hilo. Akachukua begi lake, akasema mshenga atafika Kiberege, akatoka.