Siku Mwenyekiti Alinimalizia Utani Wangu

Levis alinishika mkono nyuma ya pazia, akaniambia nikiropoka leo nisirudi nyumbani kwake.

Huyo ni mume wangu, jamani. Na ndiye alikuwa MC.

Nikachungulia ukumbini. Kwenye kiti cha mgeni wa heshima, nani? Egesa! Mwenyekiti wa soko letu hapa Busia, analamba mafuta ya mbuzi kidole kimoja kimoja. Roho ilinichafuka papo hapo.

Ngoja niwaeleze. Naitwa Jacinter. Katikati ya wiki nauza mitumba, wikendi nasimama stejini nachekesha watu. Apondi, muuza omena, wale samaki wadogo, ni rafiki yangu wa karibu sana. Mwezi uliopita alishtaki kwa kamati ya soko kwamba Egesa alimfungia stoo akitaka mwili wake ndio asipoteze meza yake ya kuuzia. Apondi alimponyoka. Egesa akashika Biblia akaapa hajawahi kukanyaga hiyo stoo.

Mama Zilpa wa kamati ndiye alisikiza kesi.

"Shahidi wako ni nani, dada?"

Apondi hakuwa naye. Wanaume wa kamati wakacheka, tena mbele yake. Wakampa hadi Jumatatu aombe mwenyekiti msamaha, la sivyo atoke sokoni kabisa. Na watoto wake wanakula kutoka hiyo meza, nyinyi!

Sasa siku hiyo ilikuwa sherehe ya akina mama wa soko, na huyo mnyama ndiye mgeni wetu. Levis alitaka nichekeshe watu kwa utani wa wanawake wanene na mama mkwe, basi.

Nilijaribu, nawaambia ukweli. Wamama walicheka kwa adabu tu. Halafu nikamwona Apondi kule nyuma karibu na mlango, ameinamisha kichwa... Nikashindwa.

Sikutaja jina. Nilisema kuna mkubwa fulani wa soko fulani, labda ni la ng'ambo Uganda. Ukitaka meza, anakuita stoo. Nikatembea vile anatembea, tumbo limetangulia, suruali inavutwa juu kila hatua. Wamama walicheka mpaka wengine wakashikana wasianguke.

Na Egesa alicheka kuliko wote. Alikuwa ameshapiga chupa kadhaa, mate yanarukia sahani. Hakuona aibu hata kidogo. Alisikia kama anasifiwa. Ptuu!

Nikauliza watu, "Akishafunga mlango, anavua nini kwanza?"

"Viatu!" mama mmoja akajibu.

Egesa akapunga mkono, anamsahihisha kama mwalimu. "Hapana, dada. Kofia kwanza. Unaiangika kwa ile mizani, isishike harufu ya samaki."

Wamama wakageuka kumwangalia.

Mimi sikuwa nimetaja samaki. Sikuwa nimetaja mizani. Lakini kamati yote ilikuwa meza ya mbele, na yote ilikumbuka vile Apondi aliwaambia akilia: aliangika kofia kwa mizani, ndio akanigeukia.

Levis akakimbia kuzima maiki. Ya nini sasa?

Apondi akasimama. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, hiyo ni mizani ya stoo gani?"

Egesa akapanguza mdomo, akaanza kusema ni mchezo tu, watu wa siku hizi hawajui mchezo. Hapo Mama Zilpa akainuka. Nikajua anaenda kumtetea.

"Hata kwangu mimi, kofia aliiangika hapo hapo," akasema. "Wakati natafuta meza yangu."

Aki! Egesa nilikuwa nishamzoea uchafu wake. Lakini huyu mama! Alikaa kwa kile kiti, akamwangalia Apondi machoni, akamuuliza shahidi, na shahidi ni yeye! Nilimhurumia, sikatai. Pia nilitaka kumtemea mate. Mpaka leo sijui nianzie wapi kumsalimia.

Jumatatu Egesa hakuonekana sokoni. Apondi yuko kwa meza yake. Mimi niko kwa mama yangu kule Sigalame, Levis hajanipigia simu, na nalala vizuri.

Wanasema mwanamke mchekeshaji ni mtu wa kelele bure. Sawa, waseme. Ila wewe dada unayesoma hii, siku wakikuuliza shahidi wako ni nani, usiinamishe kichwa. Mwangalie vizuri huyo anayekuuliza.